Watu wa Nyumba Hii Hugombana Wapi?

Jumapili, 4 Mei

Kwa mke wangu wa ujana na uzee, Mama Kinda,

Pokea salamu nyingi, zimejaa gunia na nyingine zimebaki nje. Hujambo? Cherehani haijambo? Na masikio yako je, la kushoto bado limelala na la kulia bado linasinzia? Simu umeikataa kabisa, unasema inakunong'oneza kama mtu anayekudanganya, basi nimekaa chini niandike kama enzi za uchumba. Barua nitampa yule kondakta wetu mwenye pengo, na majibu mpe yeye yeye. Nimemwahidi kumnyoa bure mpaka aote upara.

Mimi ni mzima kuliko nilivyoondoka. Nimeoga maji ya moto asubuhi, nikaoga mchana, na sasa hivi nimetoka kuoga tena. Ngozi imeanza kulalamika.

Ulinituma nije nikae mwezi mmoja kwa binti yetu Kinda, nichungulie kila kona, kisha nikwambie kama hapa panakalika. Ndipo tuamue kama tufunge kibanda changu cha kunyolea na cherehani yako tuje kuishi naye, kama anavyotuomba kila siku. Umetuma mtu sahihi. Mimi nimenyoa mabaharia wa bahari zote, nimenyoa mapadri, nimemnyoa hata yule mkuu wa polisi akiwa amelala. Ila nakiri, mke wangu, mambo ya humu ndani sijapata kuyaona.

Geti linajifungua lenyewe, halafu linajifunga lenyewe. Siku ya kwanza nililishukuru kwa sauti, mkwe akacheka sana, nadhani alifikiri nafanya utani. Chumba chetu kina choo chake, na kitanda ni kipana hivi kwamba ukija tutahitaji kutafutana kwa kuitana. Umeme ukikatika mtaani, nyumba hii haina habari.

Lakini ngoja nikupe kilichonigusa. Juzi mjukuu wetu, huyu Chiriku, alikohoa. Kikohozi kimoja tu, cha kawaida. Kinda akainua simu, na daktari akafika kabla hatujamaliza kuogopa! Nikakumbuka wewe na mimi na Kinda mgongoni ana surua, tumepanga foleni tangu alfajiri, na lile dirisha la zahanati likafungwa mbele ya pua zetu. Nikaenda bafuni kidogo. Wakadhani naoga tena.

Chiriku ana chumba kizima cha vitabu. Ananisomea kila siku, na mimi nikimsomea ananisahihisha. Nimemwambia babu yake aliacha shule kwa sababu walimu walikuwa wamekwisha kufundisha yote waliyoyajua. Ameamini nusu.

Kasoro niliyoiona ni moja tu mpaka sasa. Nikisalimia watu barabarani, wanageuka nyuma kuangalia namsalimia nani.

Ni mimi mumeo,
Baba Kinda


Alhamisi, 8 Mei

Mume wangu, Baba Kinda,

Salamu. Mimi sijambo, cherehani haijambo, na fundi viatu wa hapo jirani anasema tangu uondoke mtaa umekuwa na akili.

Barua yako nimeisoma, imelowa maji ya moto. Usinieleze vitanda. Kitanda nitakiona mwenyewe nikilala. Kuhusu daktari, hapo umesema neno, na nimelikalia siku nzima.

Sasa sikiliza nilichokutuma. Nataka kujua jambo moja: watu wa nyumba hiyo hugombana wapi?

Usicheke. Hapa kwetu tukigombana, kabla hujarusha hata kijiko, fundi viatu ameshaingia bila kubisha hodi, amevuta kigoda, anasema, "Haya, nani aanze?" Mara ngapi ametupatanisha kwa sababu tu tulichoka kumweleza? Mara ngapi tuliungana sisi wawili kumfukuza? Sasa huko, penye kuta nene na geti lenye akili zake, nani anaingia? Nyumba ambayo sijui watu wake hugombana wapi, mimi siwezi kuhamia.

Halafu jambo la pili. Mama muuza maziwa, unajua hanigongei mlango. Anarusha kijiwe dirishani, nakiona kinaruka, namfungulia. Huko maziwa yanafikaje?

Mkeo,
Mama Kinda


Jumanne, 13 Mei

Kwa mpelelezi mkuu, Mama Kinda,

Salamu za heshima. Hujambo, mkuu? Sisi huku wote hatujambo. Maziwa yanafika yenyewe kwenye friji. Sijamwona mtu anayeyaleta, na nimeanza kumwogopa.

Kuhusu lile swali lako, nimefanya uchunguzi ambao hata serikali haifanyi. Nilianza na Kinda mwenyewe. Alikuwa amesimama jikoni anakula huku anajibu simu huku anavaa kiatu.

"Mwanangu," nikasema, "ninyi hugombana wapi?"

"Hatugombani, Baba."

Nikamwendea mkwe. Unajua yeye ni daktari wa meno, anaongea na mtu kana kwamba mdomo wako uko wazi tayari.

"Hatugombani, mzee. Tunajadiliana."

"Mnajadiliana wapi?"

Akaangalia saa.

Basi nikaenda kwa mtu anayejua, Chiriku. Alikuwa anapaka rangi tembo wa kijani.

"Kwenye gari," akasema, bila kuinua kichwa.

"Gari gani?"

"La Mama. Likiwa gereji, hapa nyumbani. Wanafunga vioo ili mimi nisisikie. Babu, usiwaambie kwamba najua, watahuzunika."

Mama Kinda, ni kweli! Jioni ileile nilisimama kwenye kadirisha ka jikoni kanakotazama gereji. Gari limesimama, injini imezimwa, taa ya ndani inawaka, na watoto wetu wamekaa mbele kama wasafiri. Midomo inakwenda na sauti hakuna, kama televisheni iliyobanwa koo. Mkwe anapiga usukani. Kinda anahesabu mambo kwa vidole, na vidole havitoshi. Safari nzima ya ugomvi, na gari halijasogea hata kidogo! Taa ikazimika, wakashuka, Kinda akaingia na tabasamu kubwa: "Baba, umekula?"

Jambo jingine nimelichunguza bila kutumwa. Kinda akirudi kazini hashuki. Analiingiza gari gereji, analizima, na anabaki humo peke yake muda mrefu. Haongei na simu, hasikilizi redio. Chai yake inapoa mezani, dada wa kazi anaipasha, inapoa tena. Nikamuuliza Chiriku, akasema, "Mama anafika kwanza, halafu ndiyo anakuja." Yule mtoto mimi ananitisha.

Sasa nimegundua ugonjwa wa mtaa huu, na dawa ninayo. Watu hawa hawajui jirani ni kitu gani kwa sababu hawajawahi kumwona akikaa nje. Kesho wenyewe wakiwa kazini, nitafungua geti wazi kabisa, kama tunavyofungua kibanda, nitundike taulo langu, nitoe kiti, nikae. Sisi mlango ukiwa wazi maana yake wenyewe wapo, karibu. Kabla ya saa sita nitakuwa namjua kila mtu na mkwe wake. Utasikia sifa zangu huko huko uliko, hata kwa sikio la kushoto!

Mumeo mwenye hekima,
Baba Kinda


Jumanne, 20 Mei

Mke wangu,

Salamu. Natumaini hujambo. Mimi sijambo.

Hali ya hewa ni nzuri. Chakula ni kizuri. Kinda anakusalimu. Mkwe anakusalimu. Mtoto hajambo.

Geti limefungwa.

Nafikiri nitarudi kabla ya mwezi kwisha.

Mumeo


Ijumaa, 23 Mei

Baba Kinda, mume wangu,

Salamu sana. Hujambo kweli?

Barua yako niliigeuza nyuma nikitafuta utani, nikaikung'uta bahasha, hakuna kilichodondoka. Wewe uliyetania kwenye mazishi ya baba yangu mpaka ikawabidi waliobeba jeneza walitue kwanza wacheke, leo unaniandikia hali ya hewa? Nimemwonyesha fundi viatu. Akasema, "Huyu amepigwa." Nikamwambia hakuna wa kumpiga kule, watu wa kule hawatoki nje. Akasema, "Basi amepigwa na wa ndani."

Nani amekukosea? Niandikie kama mtu anayeongea na mkewe.

Na mimi nikwambie jambo, ili tusiwe na deni la maneno. Wewe unadhani nakataa kuhamia kwa sababu ya cherehani. Cherehani inabebeka. Ni masikio, Baba Kinda. La kulia halisinzii tena. Limelala. Wiki iliyopita gari la takataka lilipiga honi mgongoni kwangu mpaka dereva akashuka kunisogeza kwa mikono, kwa heshima, kama mtu anayesogeza kabati.

Lakini hapa mimi si kiziwi. Hapa mimi ni Mama Kinda ambaye ukimtaka unamgusa bega kwanza, ukae mbele yake, uongee taratibu. Watoto wa mtaa huu wanalijua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Nikifika huko, kwenye kengele na geti na watu wanaoongea huku wakivaa viatu, nitakuwa kiziwi siku hiyohiyo. Nitakaa kwenye kitanda chako kipana nikitazama midomo.

Usimwambie Kinda. Ana mambo mengi.

Mkeo,
Mama Kinda


Jumanne, 27 Mei

Mke wangu mpenzi, Mama Kinda,

Salamu za mtu aliyefufuka. Kaa vizuri, vaa miwani, sogeza chai. Nakueleza yote, hata yale yasiyonipendeza.

Siku ile dada wa kazi alipokwenda sokoni, nilifungua geti kama nilivyokutangazia. Nikatundika taulo, nikakaa kwenye kiti, mguu juu ya mguu, nikangoja kupendwa. Bibi mmoja wa nyumba ya mbele, anayetembea na mbwa aliyevaa koti, akanitazama. Nikampungia mkono. Akarudi ndani mbiombio. Nikajisemea, amekwenda kuniletea chai.

Kumbe huku geti likiwa wazi maana yake nyumba imeshavunjwa, na yule aliyekaa kwenye kiti ndiye anayengojea gari la kubebea vitu! Walinzi wakaja na marungu, wamejaa kwenye pikapu.

"Mzee, wenye nyumba wako wapi?"

"Mwenye nyumba ni mwanangu."

"Anaitwa nani?"

Na mimi, kwa ule mshtuko, nikasema, "Kinda!"

Wakatazamana. Wana orodha ya wakazi wote, na hakuna Kinda. Jina lake la shuleni, lile tulilomwandikisha, likanitoka kichwani moja kwa moja. Tangu lini nikamwita mwanangu kwa jina la mwalimu? Nikaanza kuwaeleza: alipozaliwa alikuwa mdogo kama kinda la ndege, mama yake akamweka kifuani. Mlinzi mmoja akasema, "Mzee, tunaomba tu jina."

Wakampigia simu mwenye nyumba. Kinda akaja mbio na gari, ana wakubwa wawili wa kazini kwake ndani, alikuwa anawapeleka sehemu. Akashusha kioo. Akaniona nimesimama katikati ya walinzi na taulo begani. Akaona wakubwa wake wananitazama. Akawaambia walinzi, "Hakuna tatizo. Ni mgeni wetu."

Mgeni.

Kioo kikapanda, gari likaondoka. Hapo ndipo utani ulipokwisha, mke wangu. Siku zilizofuata tulikuwa tunapishana humu ndani kama watu wa hotelini. "Baba, umelala vizuri?" "Vizuri sana." Nikakuandikia ile barua ya hali ya hewa, na kweli hali ya hewa ilikuwa nzuri.

Barua yako ilipofika jana mchana niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa. Jioni Kinda akarudi, akaingiza gari gereji, akalizima, akabaki humo. Nikatoka jikoni, nikafungua mlango wa nyuma wa gari, nikaingia.

Akashtuka. "Baba! Umepitaje?"

"Huu ndio mlango pekee wa hapa ambao hauna kengele."

Akataka kunigeukia. Nikamwambia, "Hapana, tazama mbele. Nitazame kwenye kioo." Unajua kazi yangu. Mtu mzima hawezi kusema ukweli akitazamwa usoni, lakini mweke mbele ya kioo, simama nyuma yake, shika kichwa chake, ataongea mpaka yale ambayo hakuulizwa. Ndivyo nilivyojua siri za mtaa mzima. Nikamwekea mikono kichwani, nikaanza kumkanda taratibu kama mteja wa Jumamosi. Kile kioo kidogo kilikuwa kinamwonyesha macho tu.

Kisha akasema, "Nilisema mgeni."

"Nilisikia."

"Sikukuonea aibu, Baba. Niliogopa kueleza. Nikieleza baba, lazima nieleze kibanda, nieleze foleni, nieleze kila kitu, na wale watu walikuwa na haraka."

"Na wewe?"

"Mimi nina haraka tangu nikiwa na miaka kumi na saba."

Akaanza kulia, mke wangu, bila sauti. Ukitaka kujua wanalia wapi, ni humohumo.

Nikamuuliza kwa upole, maana kweli nilitaka kujua: "Mwanangu, hapa ulipofika, pakoje?"

Akasema, "Baba, watu wanadhani tumekuwa matajiri. Tajiri akilala, mali yake inakesha ikimfanyia kazi. Mimi nikilala, kila kitu kinalala. Tuko katikati ya ngazi, mimi na mume wangu, tumebeba sofa. Wa juu hawatujui, wa chini wanatupigia makofi, na sisi hatuwezi kulitua hata tujikune pua."

"Basi shuka nalo."

"Sitaki kushuka! Chiriku akikohoa nataka daktari aje. Nalala usingizi nikijua hilo, na sitaona haya kulipenda. Lakini hakuna mtu anayeingia kwangu bila kupanga siku, Baba. Hakuna. Siwaombi mje ili niwatunze. Nataka mtu wa kunikuta nilivyo."

Hapo, Mama Kinda, nikakusaliti. Nikamwambia, "Mama yako hasikii."

"Najua, sikio moja linamsumbua kidogo."

"Hasikii kabisa."

Macho yakasimama kwenye kile kioo. "Tangu lini?"

Nikamwambia ukweli. "Tangu ulipoanza kutupigia simu badala ya kuja."

Sikusema kwa ukali, na hakujibu kwa ukali. Nikaendelea kumkanda kichwa, kwa sababu mteja hashuki kwenye kiti katikati ya kazi. Mara mlango wa upande wa pili ukafunguliwa, mkwe akaingia ameshika kikombe cha chai kilichopoa. Akaniona nyuma. Akamwona mkewe.

"Tunagombana?" akauliza.

"Haya," nikasema, "nani aanze?"

Wakacheka, wote wawili, gari zima likatikisika. Na yule Chiriku alikuwa amebandika pua kwenye kadirisha ka jikoni, ananionyesha kidole gumba.

Nimekuambia yote. Je, panakalika? Sijui tena. Asubuhi nasema ndiyo, mchana nasema hapana, nikioga nasema ndiyo tena. Amua wewe. Mimi nilikuwa macho tu.

Mumeo msaliti,
Baba Kinda


Alhamisi, 29 Mei

Baba Kinda,

Salamu. Umenisaliti, na umefanya vizuri. Usirudie.

Kinda alifika hapa jana. Hakutuma habari. Nilikuwa nashona, nikaguswa begani. Nikageuka, ni yeye, na nguo zake za kazini, amesimama pale ambapo husimama watoto wa mtaa. Akakaa mbele yangu, akaongea taratibu. Nani alimfundisha? Fundi viatu anadai ni yeye, alimkamata pale kona kabla hajafika mlangoni. Hakukaa sana, alikuwa na kikao. Lakini alikuja bila kupanga siku, na mimi sikumuuliza kwa nini.

Kwa hiyo Jumamosi nakuja, kwa basi la mwenye pengo. Msianze kusherehekea, siji kuhamia. Cherehani inabaki, fundi viatu atailinda kwa maneno. Nakuja kukaa ndani ya lile gari. Kiti cha nyuma ni chako. Mimi nitakaa mbele, karibu na mwanangu, nimtazame mdomo, na taa ya ndani isizimwe. Nikikaa humo vya kutosha nitajua kama panakalika, na hapo ndipo tutaongea mimi na wewe.

Jambo moja tu. Nikibonyeza kengele sitamsikia anayejibu, na hilo geti silirushii vijiwe. Mwambie Kinda aache geti wazi, wazi kabisa, na yeye akae hapo nje kwenye kile kiti.

Walinzi wakija, wanyoe. Wakiuliza mimi ni nani, wewe nyamaza, nakujua. Mwache ajibu yeye.

Mkeo,
Mama Kinda